Springi za Mtu wa Kilo Hamsini na Nane

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba msaada na nakuomba uharakishe, maana Jumamosi hii mume wangu amesema atanionyesha "kitu", na mimi kitu chenyewe nakijua, ni mwanamke wa kilo hamsini na nane, kilichobaki ni jina lake na mtaa anaokaa. Sanduku nimeshalifunga, liko chini ya kitanda, na shangazi yangu nimeshampigia simu anitandikie, ila nimeona kwanza nikuandikie wewe, kwa sababu nakusoma kila wiki na nimeona unavyowanyoosha watu, na mimi nataka kunyooshwa au kuhurumiwa, chochote kitakachotangulia.

Nianze na kazi zetu ili unielewe vizuri. Mimi ni mhudumu wa kliniki ya watoto na kazi yangu kubwa ni kupima uzito, mama anamvua mwanawe nguo, mimi namning'iniza kwenye mzani, mtoto analia, mama anacheka, mimi nataja kilo, anafuata mwingine, na nimefanya hivyo kwa muda mrefu mpaka macho yangu yenyewe yamegeuka mzani, nikimtazama mtu akipita dirishani namtajia kilo zake na kukosea nakosea kidogo sana, wenzangu wananifanyia majaribio wakati wa chai. Siku nyingine napanda pikipiki ndogo ya kliniki na kupeleka chanjo nyumba za mbali, boksi la barafu limefungwa nyuma, na naendesha vizuri, sijawahi kumwaga hata kichupa kimoja. Mume wangu ni fundi wa lifti. Kutwa nzima yuko kwenye mashimo ya maghorofa anakagua nyaya zinazobeba watu, na nyumbani ni vilevile, akinyanyua ndoo atakuambia kilo zake, akimnyanyua mtoto atakuambia kilo zake, kwa hiyo kwetu sisi kilo ni mazungumzo ya mezani. Yeye ana tisini na tano, ni mrefu, anainama kuingia jikoni kwake mwenyewe.

Mimi ni bonge. Nimekuwa bonge tangu shule, jina langu la utani ni Bonge, wifi zangu wananiita Bonge, na huyo mume tangu tukiwa wachumba ananiita Bonge langu, na wala sikuwahi kununa. Ila mzani wa watu wazima pale kliniki sijaukanyaga tangu nilipomwachisha ziwa mtoto wetu wa mwisho, kwa sababu siku ile uliniambia maneno ambayo sitaki kuyasikia tena maishani, nikaapa kwamba mimi na huo mzani tutasalimiana kwa mbali.

Sasa huyu mume ana pikipiki ya spoti, nyekundu, ile ambayo mtu anaiendesha amejikunja kama anatafuta sindano iliyodondoka kwenye zulia. Mimi naiita mke mwenza. Inaoshwa kwa shampuu, inafunikwa shuka, na shuka lenyewe ni langu, la maua, nililipenda sana. Kila Jumapili mchana ananipakia tunakwenda mpaka bwawani na kurudi, na mimi kazi yangu ni kushika kiuno na kutazama mgongo wake, sioni barabara, sioni bwawa mpaka tumeshuka, naona mgongo tu. Siku moja nikamwambia, "Hivi wewe, lini nami nitakaa mbele, wewe ukae nyuma uone tabu ya kutazama mgongo wa mtu njia nzima?" Akacheka mpaka ikabidi asimame pembeni ya barabara. Alipomaliza kucheka akasema, "Hapa mbele pamewekwa kwa uzito wangu, Bonge langu. Wewe patakurusha." Nikajua nimekataliwa kwa lugha ya ufundi.

Haukupita muda mrefu akaja na habari kwamba anataka kubadilisha shokapu za mbele. Kwa faida ya wasomaji wenzangu wasiokaa na wendawazimu wa pikipiki, shokapu za mbele ni ile miguu miwili mirefu inayoshika tairi la mbele, ndani yake kuna springi na oili, ndiyo inayomeza mashimo na matuta, na ukifunga breki ndiyo inayozama. Nikamuuliza, "Kwani zilizopo zina nini?" Akasema, "Hazina kitu." Nikamuuliza, "Kama hazina kitu unabadilisha nini?" Akasema, "Utaona," akaenda zake huku anapiga mluzi, na mume wangu, mshauri, si mtu wa mluzi.

Basi siku moja kasahau simu nyumbani, na mimi kwa roho yangu nzuri nikaichukua wakati wa mapumziko nikampelekea gereji aliposema atapitia. Nikakuta ameshaondoka, yuko fundi peke yake, fundi mwenyewe watu wanamwita Kimya kwa sababu anaweza kufungua injini nzima na kuifunga bila kukuambia hata habari za asubuhi. Nikamsalimia, akaitikia kwa kichwa. Nilipogeuka kuondoka ndipo akasema, "Shemeji. Mwambie springi za mtu wa kilo hamsini na nane zimefika."

Nikasimama. Nikamuuliza, "Mtu wa kilo hamsini na nane ni nani?"

Akafuta mikono kwenye tambara, kidole kimoja kimoja. "Nimeambiwa nisiseme."

"Umeambiwa usimwambie nani?"

"Wewe."

Mshauri, nilijikuta nimekaa juu ya tairi, na tairi lenyewe lilikuwa na grisi, nikarudi kazini na sketi ina duara jeusi nyuma. Nikamhadithia mwenzangu anayechoma sindano, tunamwita Dada Sindano, na yeye hakumung'unya maneno, akasema, "Hapo kuna mtu anapakiwa, mwenzangu. Mwanaume hatengenezi pikipiki kwa uzito wa mtu asiyempakia." Nikaona kweli, uzito wangu mimi si huo, uzito wake yeye si huo, basi kuna mtu wa tatu, mwembamba, anapakiwa siku ambazo si Jumapili.

Nikaanza kumtafuta. Hujui, mshauri, wanawake wa kilo hamsini na nane ni wengi kiasi gani mpaka mume wako awe na mmoja. Nilimkuta dukani, nilimkuta kanisani, nilimkuta kwenye foleni ya maji. Yule muuza duka la dawa ni hamsini na nane kamili, nikawa naingia kila siku kumchunguza, nanunua dawa ya kikohozi ili nipate sababu, mpaka naye akaniuliza kwa huruma kama nimeshapima kifua. Nikaona hapana, niende kitaalamu, nikatangaza kliniki kwamba akina mama wote wa mtaa wapite wapimwe uzito, ni huduma tu, na wakaja, wakapanga foleni mpaka nje ya geti, wanacheka, wanavua viatu, na mimi nimesimama pale natabasamu kama hakimu. Wanne walikuwa hamsini na nane. Mmoja wao ni bibi wa watu anayetembea na mkongojo, nikamtoa kwenye orodha ya washukiwa, kisha usiku nikamfikiria vizuri nikamrudisha.

Na mwili wangu nao umeniasi wakati huo huo. Tangu basi liache kupanda kule juu kliniki, huu ni mwaka na zaidi, napanda mlima kwa miguu asubuhi na kushuka jioni, nimechoka mpaka sketi zinanivuka, nimegombana na fundi cherehani wangu kwamba ananiwekea lastiki mbovu, akaapa, nikamwambia asiape. Pete ya ndoa imenidondoka mara kadhaa kwenye beseni la vyombo, nikaiona kabisa kuwa ni ishara, ndoa yenyewe inaniponyoka kidoleni. Mama mmoja kliniki akaniuliza, "Dada, ulikuwa unaumwa?" Nikamwambia naumwa ndoa.

Kilichonimaliza ni glavu. Nilikuwa natafuta soksi za mtoto, nikafungua begi la zana la mume wangu, nikakuta glavu za ngozi za kuendeshea pikipiki, za kike, mpya, bado zina harufu ya dukani. Mkono wa mume wangu humo usingepita hata dole gumba. Nikazivaa. Mshauri, zilinikaa kama nimezaliwa nazo! Nikakaa sakafuni nikalia, maana kumbe mwanamke mwenyewe ana mikono kama yangu, yaani kama ni mikono ya namna hii ndiyo aliyokuwa anaitaka, si ninayo mimi hapa hapa nyumbani? Nikazirudisha, nikazikunja vilevile nilivyozikuta, nikaenda kupika nikaunguza.

Na kama hiyo haitoshi, juzi niko jikoni naosha sufuria, akanijia kwa nyuma, akaninyanyua juu kama mtoto, akanishusha taratibu, akatabasamu, akasema, "Barabara," akatoka. Alikuwa ananilinganisha, mshauri! Alikuwa anataka kujua tofauti yangu na yake ni kilo ngapi! Mimi kila siku napima watoto wa watu na sijawahi kumpima mtu kwa dharau namna ile.

Sasa nikiri nililolifanya. Nilikwenda gereji nikamkuta Kimya ameshaifungua pikipiki, tairi la mbele liko pembeni, springi mpya ziko mezani zinang'aa. Nikamwambia, "Mume wangu ameghairi. Rudisha zile za zamani, za uzito wake." Kimya akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha kuanzia miguuni hadi kichwani. "Una uhakika, shemeji?" Nikasema nina uhakika. "Wewe mwenyewe?" Nikasema mimi mwenyewe, mkewe. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Ila ni ngumu." Nikamjibu hata maisha yangu ni magumu, funga. Akafunga. Zile mpya nikaziomba, nikaziweka kwenye mfuko wa chakula, na sasa ninavyoandika ziko ndani ya sanduku, katikati ya kanga zangu. Nilitaka huyo mwanamke akipakiwa kwa mara ya kwanza atikiswe mpaka akumbuke kwao.

Mume hajui lolote. Anaendelea na mluzi wake. Jana akaniambia, "Jumamosi usipange kitu. Na uvae suruali." Nimekesha nikiwaza, mke anayekwenda kuonyeshwa mke mwenzake kwa nini avae suruali? Jumamosi yenyewe ndiyo siku tuliyofunga ndoa, sijui kama anakumbuka. Nampenda, mshauri, hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, akiingia tu mlangoni ameinama naona raha.

Niambie basi. Niondoke kabla ya Jumamosi nisipate aibu, au nibaki nimwone huyo mwanamke kwa macho yangu nimtajie kilo zake mbele ya watu? Na hizi springi nizirudishe, au niende nazo kwa shangazi?

Wako,
Bonge mwenye sanduku


MSHAURI ANAJIBU

Bonge mwenye sanduku,

Lifungue hilo sanduku. Sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata.

Umelifungua? Haya. Barua yako niliisoma nikiwa na kikombe cha chai, na chai yenyewe sasa iko kwenye blauzi yangu. Nimeirusha foleni nzima ya watu wenye matatizo ya kweli ili itoke leo Alhamisi, kwa sababu ningesubiri zamu yako ungekuwa kwa shangazi unalia, na mumeo yupo barazani na funguo mkononi hajui amekosa nini.

Kabla hawajanipa meza na kalamu, mwenzio nimesambaza gazeti hili hili kwa pikipiki, miaka, mvua na jua, na shokapu zangu za mbele zilikuwa zinavuja oili mpaka kwenye viatu. Kwa hiyo nisikilize, mambo haya nayajua.

Abiria anakaa nyuma. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, umetazama mgongo Jumapili zote hizo. Na aliyekaa nyuma anabebwa zaidi na shokapu ya nyuma. Springi za mbele zinachaguliwa kwa uzito wa anayeshika usukani, maana akifunga breki ni yeye anayelalia mbele. Mwanaume anayetaka kumpakia mwanamke mwembamba hagusi chochote. Anampakia tu, anakwenda. Huyo Dada Sindano wako mwambie achome sindano, mambo ya pikipiki awaachie wenyewe.

Sasa fikiri kidogo. Mumeo ana kilo tisini na tano. Springi za mtu wa hamsini na nane hazimfai hata kidogo, angezipanda yeye, breki ya kwanza tu pikipiki ingechovya pua chini. Yaani alikubali kuitengeneza pikipiki yake, ile ya kuoshwa kwa shampuu, iwe haimfai yeye mwenyewe. Kuna mtu mwingine atakaa mbele. Yeye atakaa nyuma, na atatazama mgongo.

Mgongo wa nani, Bonge? Nani alimwambia anataka kukaa mbele, mpaka mtu akasimamisha pikipiki kwa kicheko? Nani aliambiwa "hapa mbele pamewekwa kwa uzito wangu"? Wewe ulisikia umekataliwa. Yeye alikuwa anakutajia kitu kimoja tu kinachozuia, na haukupita muda akaanza kukiondoa.

Glavu ulizivaa, zikakukaa kama umezaliwa nazo, ukakaa sakafuni ukalia. Mama wee! Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu, na mhariri akaja kuuliza kama niko salama.

Na kilo? Unapanda mlima asubuhi na kuushuka jioni, mwaka na zaidi. Sketi zinakuvuka. Pete inadondoka. Watu wanakuuliza kama ulikuwa unaumwa. Umempima mtaa mzima, umempima bibi wa watu na mkongojo wake, umempima muuza dawa kwa macho mpaka akahofia kifua chako, na mtu mmoja tu hukumpima. Fundi cherehani ukamwombe radhi leo hii, lastiki yake ni nzima. Pete ipeleke kwa sonara aipunguze kidogo, haina ishara yoyote zaidi ya hiyo.

Najua kwa nini hukujipima, na hapo sikucheki. Mzani ulikuumiza siku moja, ukaapa, na jina la utani likakukaa kichwani hata mwili ulipokwisha kuondoka humo. Wengi tuko hivyo, mimi mwenyewe kuna vioo sipiti karibu navyo. Lakini mumeo hakuhitaji mzani. Mtu anayekupakia kila Jumapili anausikia uzito wako mgongoni kila akifunga breki, na huyu ni fundi wa lifti, kilo ndiyo lugha yake. Ameona unavyopungua mwezi hadi mwezi na hakusema neno, kwa sababu kilo zako wewe hutaki zitajwe. Alipokunyanyua jikoni akasema "barabara", alikuwa anahakikisha hesabu yake. Hakuna mtu aliyekudharau hapo. Sijui wangapi kati ya wasomaji wangu wamewahi kujuliwa na mtu namna hiyo.

Na hata ungekuwa na kilo mia, angeagiza springi za mia. Hilo nalo lishike.

Sasa nakugombeza, kaa vizuri. Mwanamke mzima, mhudumu wa afya, unayebeba chanjo za watoto bila kumwaga kichupa, unakwenda gereji kwa wivu unabadilisha chuma kinachoshika tairi la mbele! Kimya alipokutazama juu na chini alikuwa anajua springi ni zako. Aliposikia "mimi mwenyewe, mkewe", akaamini mumeo ameshakuambia na wewe umezikataa. Ndiyo maana alikuonya kuwa ni ngumu. Ngumu kwako, Bonge, si kwa mtu mwingine! Mtu mwepesi juu ya springi za mtu mzito, shokapu hazizami inavyotakiwa, tairi linarukaruka kwenye matuta, na kwenye kona linaweza kukuachia. Ulitaka mwanamke huyo atikiswe mpaka akumbuke kwao. Basi kwao ni hapo ulipokaa, na wewe Jumamosi ungepanda na baba wa watoto wako mgongoni.

Utafanya hivi. Kesho asubuhi, kabla akina mama hawajafika, vua viatu upande ule mzani wa watu wazima. Mzani ukitaja ninachokifikiria, kaa kwenye benchi la watoto, cheka au lia, ni juu yako. Ukitaja kingine kabisa, nipigie hapa gazetini, nitakuja mwenyewe kukubebea sanduku mpaka kwa shangazi, na njia nzima nitakuomba msamaha. Lakini mimi nguo za safari sijapanga.

Kutoka hapo, zitoe springi kwenye kanga, uende nazo kwa Kimya wakati wa mapumziko. Mwambie ukweli wote, hata wa tairi lenye grisi. Atazifunga pamoja na oili yake inayozifaa, kisha mwambie akupandishe juu ya pikipiki, umevaa kama utakavyovaa Jumamosi, suruali na jaketi na viatu, miguu juu, mikono kwenye usukani, mtu ashike pikipiki isilale, na yeye apime mbele pamezama kiasi gani. Hapo ndipo anajua kama uzito umekubaliana na springi. Usijivute tumbo, springi haioni tumbo.

Mumeo usimwambie kitu. Amekutunzia siri hii kwa mluzi na kwa subira, na wewe mwachie furaha yake ya Jumamosi. Akikutolea zile glavu, shangaa. Shangaa vizuri, usije ukasema "hizi nazijua". Habari ya wivu wako utampa jioni mkisharudi, mkiwa mmekaa, na uanze na yule bibi wa mkongojo ili acheke kwanza. Kimya hatasema, jina lake tu linatosha. Gazeti hili la leo, ukishalisoma, lifungie vitunguu.

Siku yenyewe anzia uwanjani, pasipo na watu. Hiyo si pikipiki ya chanjo, ukiigusa kidogo inaitika kwa nguvu. Zunguka taratibu mpaka mikono iizoee, na breki uibane polepole uone inavyozama na kunyanyuka. Halafu ndiyo mwende bwawani. Safari hii utaliona bwawa kuanzia mbali, na barabara yote, na mtu ameshika kiuno chako anakupigia kelele upunguze mwendo.

La mwisho, na usilisahau kwa furaha. Mwambie Kimya aikaze springi ya nyuma, aikaze hasa. Huko atakaa mtu wa kilo tisini na tano. Kuanzia Jumamosi, bonge ni yeye.